Asiyekuwepo na Lake Lipo

 

Warsha ya kitaaluma ikikaribia kufungwa hugawiwa fomu ya tathmini. Ukumbi ulifaa? Chakula kilikuwaje? Mada zilieleweka? Washiriki wanajaza mbiombio, akili zao ziko stendi, na baada ya wiki mbili mratibu anaandika katika ripoti kwamba walioshiriki waliridhika kwa kiwango kikubwa. Hajadanganya. Lakini waliojaza fomu ni wale waliofika, wakasikia, wakaona kilichoonyeshwa ukutani na wakaielewa lugha iliyotumika. Aliyesoma tangazo akaona hapamfai hakupewa fomu. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, nasi tumeifanya methali hiyo kanuni ya kuendeshea makongamano.

Dai langu leo ni moja. Warsha humtenga mtu mapema: katika tangazo, katika bajeti, katika ratiba. Siku ya ufunguzi ikishafika, waandaaji wamebakiwa na huruma tu, na kwa huruma wanaume wanne watambeba mtu pamoja na kiti mwendo chake kumpandisha ngazi mbele ya kadamnasi, jambo ambalo yeye hakuliomba na hatalisahau.

Nichukue mfano wa zamani, ambao wengi wa wahusika wake wametangulia mbele ya haki, ili asinune mtu. Juni 1962, Makerere, Kampala, ulifanyika mkutano mkubwa wa waandishi wa Afrika. Alikuwepo Chinua Achebe, alikuwepo Wole Soyinka, walikuwepo Christopher Okigbo, Ezekiel Mphahlele na Grace Ogot. Langston Hughes alitoka Marekani. Alikuwepo pia mwanafunzi wa hapohapo Makerere aliyeitwa James Ngugi, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Kilichompa kiti ni hadithi fupi chache alizokuwa amezichapisha kwa Kiingereza. Upande wa pili, Tanganyika, alikuwepo Shaaban Robert, mwandishi wa Kusadikika iliyotoka 1951, mwandishi wa Adili na Nduguze, mwandishi wa wasifu wa Siti binti Saad, malenga aliyekwisha kujulikana mwambao mzima na bara. Yeye hakuwamo. Mwezi uleule wa Juni akafariki dunia.

Hakuna mlinzi aliyesimama lango la Makerere kumrudisha Shaaban Robert. Kazi hiyo ilifanywa na jina la mkutano wenyewe, lililotamka kwamba ni mkutano wa waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza. Jina likishapitishwa, orodha ya waalikwa inajiandika yenyewe. Basi watu wakakaa Makerere wakijadili fasihi ya Kiafrika ni kitu gani, na aliyekuwa ameitumikia lugha ya Kiafrika maisha yake yote hakuulizwa neno. Mwaka 1963 Obi Wali alilishika jambo hili katika jarida la Transition, na hasira zilizofuata hazijapoa hadi leo. Ngũgĩ mwenyewe alilirudia katika kitabu chake cha 1986, Decolonising the Mind, akikiri kwamba mwanafunzi mwenye hadithi mbili tatu alistahili kualikwa kwa sababu ya Kiingereza, na bingwa wa Kiswahili hakustahili.

Nimeanzia Makerere kwa makusudi. Tunapozungumzia ushirikishwaji katika vyuo vyetu, haraka tunalipeleka jambo hilo kwa mshauri wa wanafunzi, kama suala la ustawi wa jamii. Makerere inatuonyesha kuwa ni suala la utafiti. Waliokosekana ukumbini walikuwa na data ambayo waliokuwepo hawakuwa nayo. Mtafiti anayechagua sampuli yake vibaya tunamrudishia makala. Mratibu anayechagua ukumbi, lugha na nauli kwa namna ya kuwaondoa watu fulani naye amechagua sampuli, ila yeye hatumrudishii kitu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu wapatao bilioni 1.3, mmoja katika kila sita, wanaishi na ulemavu mkubwa. Si kila mmoja utamtambua kwa kumtazama. Yupo mwenye sikio moja linalosikia, yupo mwenye uoni hafifu aliyezoea kukaa kimya asije akaulizwa maswali, yupo anayeishi na maumivu ya mgongo ambaye saa mbili mfululizo kwenye kiti cha plastiki ni adhabu. Ukitazama ukumbi wa watu sitini usimwone hata mmoja, ama wapo na wamenyamaza, ama hawakuja. Yote mawili yanakuhusu wewe uliyeandaa.

Sheria tunazo, sitazikalia sana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa 2006. Kenya na Uganda ziliuridhia 2008, Tanzania 2009. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010. Katiba ya Kenya ya mwaka huohuo, katika Ibara ya 120, imeiweka Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Sijui tutajiteteaje, sisi wasomi, ikiwa wabunge wametutangulia katika jambo la kusikilizana.

Kuhusu ngazi nitasema machache, maana ndilo eneo ambalo kila mtu anadhani analijua. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani kwa njia ya mteremko ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kwenda juu inahitaji sentimita kumi na mbili za kwenda mbele. Vidato vitatu vya sentimita 15 vinafika sentimita 45, kwa hiyo njia yake ni mita 5 na sentimita 40. Ubao wa mita mbili uliolazwa juu ya vidato hivyo asubuhi ya ufunguzi ni mtego. Na ukumbi ukifikika, angalieni choo. Nendeni wenyewe na futi ya kupimia mlango, msimwamini meneja wa hoteli kwenye simu. Yeye kila kitu kwake kipo.

Ninapotaka kukaa zaidi ni kwenye sauti, kwa sababu hapo ndipo sisi walimu tunapofanya kiburi. Mnamfahamu mtoa mada anayekisogeza kipaza sauti pembeni na kusema, "Mimi sauti yangu inatosha, nadhani huko nyuma mnanisikia." Wanaomsikia wanaitikia ndiyo. Wasiomsikia hawakusikia swali. Basi kura imepigwa, ameshinda kwa asilimia mia, na mtu mwenye kifaa cha kusaidia usikivu atakaa siku nzima akisoma midomo ya mtu anayetembea huku na huko akiutazama ukuta. Mwenyekiti wa kikao ndiye wa kulimaliza hili. Aseme mwanzoni: hapa kila anayezungumza anatumia kipaza sauti, awe profesa, awe mgeni rasmi, awe anauliza swali la maneno matatu. Asiombe, atangaze.

Kiziwi anayetumia lugha ya alama anahitaji zaidi ya hapo, na hapa maandalizi ndiyo kila kitu. Mkalimani mmoja hawezi kufanya kazi siku nzima. Ukalimani wa aina hii huchosha akili upesi, ndiyo maana wakalimani hufanya kazi wawili wawili na kupokezana kila baada ya dakika ishirini au thelathini. Wapewe makala siku kadhaa kabla. Mada ya isimu au ya famasia ina istilahi ambazo mkalimani hajawahi kukutana nazo, na majina ya watu itabidi ayataje herufi kwa herufi kwa vidole. Akiyaona mapema atakubaliana na mshiriki ishara za kutumia. Taa zisizimwe wakati wa slaidi, maana gizani mikono haionekani. Anayezungumza na kiziwi amtazame kiziwi, asimwambie mkalimani "muulize kama ameelewa". Halafu kuna ucheleweshaji. Tafsiri humfikia kiziwi sekunde chache nyuma yetu, hivyo mwenyekiti anayekimbilia mkono wa kwanza kunyooshwa atampita kila mara. Ahesabu kimoyomoyo hadi kumi ndipo achague. Na mnaoandaa makongamano ya Afrika Mashariki nzima, kumbukeni kwamba Lugha ya Alama ya Tanzania na Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha mbili; mkalimani wa Dodoma si lazima amfae mgeni wa Kisumu. Mwulizeni mgeni.

Kwa wasioona, adui mkubwa ni sentensi moja: "Kama mnavyoona hapa." Mtoa mada ananyoosha kidole kwenye grafu, anasema mstari huu unapanda na ule unashuka, anaendelea. Dawa yake ni sentensi mbili zaidi: grafu hii inaonyesha bei ya mahindi kuanzia Januari hadi Desemba, ilipanda hadi Machi, ikashuka wakati wa mavuno. Nimeona kwamba watoa mada wakilazimika kusema hivyo, baadhi yao ndipo hugundua kuwa grafu yao haisemi walichodhani inasema. Wenye macho nao wanafaidika, hasa walioko safu za nyuma ambako namba za jedwali zimekuwa kama mchwa.

Makala nayo yana kasoro ambayo haionekani kwa macho. Watu wengi wasioona husoma kwa programu za kusoma skrini. Mojawapo, NVDA, ilianzishwa 2006 na Michael Curran, kijana wa Australia asiyeona, na hutolewa bure. Kwa hiyo hapa gharama si kisingizio. Lakini kwa kawaida programu hiyo husoma matini, haisomi picha. Ukichukua sura ya kitabu ukaidurufu kwa mashine ya skana na kuituma ilivyo, umetuma picha ya maneno, na kompyuta itanyamaza. Tumeni faili lenye maandishi yenyewe, lenye vichwa vya habari vilivyowekwa kama vichwa, na litumwe wiki moja kabla. Wapo watakaohitaji nukta nundu, wapo ambao hawaitumii kabisa, wapo wanaotaka chapa kubwa. Wenye ualbino, kwa mfano, wengi wao wana uoni hafifu na mwanga mkali huwaumiza macho: kiti cha mbele mbali na dirisha, pamoja na makala yaliyochapwa kwa herufi kubwa, vitawasaidia kuliko hotuba yoyote ya kuwaonea uchungu.

Sasa lugha, maana Makerere haijaisha. Tunafanya warsha kuhusu ufundishaji katika shule za msingi za Tanzania, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia, tunawaalika walimu wenyewe, kisha tunawasomea makala ya Kiingereza kwa siku mbili. Walimu wananyamaza. Katibu wa kikao anaandika kwamba hakukuwa na maswali. Maswali yalikuwepo, na ndiyo tuliyoyafuata. Yalikosa mlango wa kutokea. Si lazima kila warsha iwe ya Kiswahili. Lakini mwenyekiti anaweza kutangaza kwamba swali linapokelewa kwa lugha yoyote kati ya mbili, ikisiri za Kiswahili zikaambatanishwa, na mtoa mada mmoja mmoja akajaribiwa kama anaweza kuieleza kazi yake kwa lugha ya watu aliowachunguza.

Na tusijipongeze haraka sisi wa Kiswahili. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, uamuzi wa mkutano wa Mombasa wa 1928, na Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 ikausimamia. Ni chombo kizuri. Ila nimeona ukumbini mtafiti wa Lubumbashi au Bukavu akisimama kuuliza swali kwa Kiswahili cha kwao, na kicheko kikapita safu hadi safu. Mtu huyo ana Kifaransa, ana Kiswahili, ana miaka ya utafiti katika eneo ambalo sisi hatujafika. Tumemcheka kwa sababu ya upatanisho wa kisarufi. Alasiri hakuuliza tena. Kicheko hicho hakina sheria ya kukishughulikia, isipokuwa mwenyekiti mwenye uso mkavu.

Kuuliza swali nako kuna tabaka zake. Alecia Carter na wenzake walichapisha mwaka 2018 utafiti uliofuatilia semina karibu 250 katika taasisi 35 za nchi 10. Walikuta kwamba wanawake waliuliza maswali machache kuliko wanaume, hata pale idadi yao ukumbini ilipokuwa sawa, na kwamba tofauti hiyo ilizidi swali la kwanza lilipoulizwa na mwanamume. Dawa ni rahisi mno: mwenyekiti asimwanzie mzee anayenyoosha mkono kabla mada haijaisha. Aanze na mwanafunzi, aanze na mwanamke, apokee na maswali ya karatasi. Wazee hatutakufa, tutasubiri.

Fedha. Hapa ndipo wengi wanapoachwa bila kelele. Mwaliko unasema nauli itarejeshwa baada ya kuwasilisha stakabadhi. Kwa mhadhiri mwenye mshahara huo ni usumbufu. Kwa mwanafunzi wa uzamili kutoka Kigoma ni mwisho wa safari, maana hana cha kutanguliza. Mtumieni nauli mapema. Mwenye kuhitaji msaidizi, asitozwe ada ya watu wawili. Mama anayenyonyesha atakuja na mtoto na dada wa kumlea: wapeni chumba karibu na ukumbi, na mtakuwa mmewapata watoa mada ambao mlidhani hawana muda. Anayeshiriki kwa mtandao ananunua bando kwa fedha zake; basi awepo mtu mmoja ukumbini ambaye kazi yake ni hao wa mtandaoni tu, awasomee maswali yao, awaambie umeme umekatika. Na ratiba ya Ijumaa isiyo na nafasi ya swala ya adhuhuri, katika Zanzibar au Mombasa, inawaambia watu fulani waziwazi kwamba hawakufikiriwa.

Kuna ukuta mwingine mrefu zaidi, nao ni viza. Desemba 2018 watafiti wa akili mnemba walikutana Montreal katika mkutano wa NeurIPS, na Waafrika wengi waliokuwa wamealikwa kwenye warsha ya Black in AI walinyimwa viza za Kanada. Barua za mwaliko walikuwa nazo. Waandaaji wa mkutano mwingine wa fani hiyo, ICLR, walichukua hatua ambayo naiheshimu: badala ya kuandika barua kali kwa balozi, walipanga kuuleta mkutano wenyewe Addis Ababa mwaka 2020. Korona ikauhamishia mtandaoni. Hawakuacha, Mei 2023 mkutano ukafanyika Kigali. Kwa mtafiti kijana wa Butare au Bujumbura, tofauti kati ya Montreal na Kigali haikuwa ya kilomita peke yake.

Najua kuna mwenzangu hapa anayesema moyoni: sisi tuliwahi kuweka mkalimani, na hakuna kiziwi aliyekuja. Namwamini. Nauliza tangazo lilibandikwa wapi. Kama lilizunguka katika makundi yetu ya simu ya wahadhiri, lilifika kwa watu walewale. Tanzania kuna CHAVITA, chama cha viziwi; kuna chama cha wasioona; kuna SHIVYAWATA, shirikisho linaloviunganisha vyama vya watu wenye ulemavu. Wapigieni simu wakati mada bado haijachaguliwa, maana huenda mada yenyewe wangeibadilisha. Na mtu aliyeachwa nje miaka kumi hatakuja kwa tangazo la kwanza. Anangoja kuona kama mnalifanya tena.

Mkiandika tangazo, wekeni sentensi moja inayouliza mshiriki anahitaji nini ili ashiriki kikamilifu, mfano wa mahitaji matatu manne ili asione aibu kutaja lake, tarehe ya mwisho ya kujibu, na jina la mtu wa kumpigia, si anwani ya ofisi. Mtu huyo apewe madaraka ya kutumia fedha. Asiye na madaraka atajibu kila ombi kwa "tutaliangalia", na mwombaji amekwisha kulisikia jibu hilo mara nyingi.

Fedha itatoka wapi? Ndilo swali nitakaloulizwa kwanza, basi nilijibu kabla halijaja. Bajeti za warsha zetu zina mikoba yenye nembo, zina fulana, zina bango la mita nne lenye picha ya mgeni rasmi, ambalo likishushwa jioni hakuna anayejua linapelekwa wapi. Mratibu akiniambia hana fedha za wakalimani wawili, sibishani naye. Namwomba alete bajeti, tuvute viti, tuisome pamoja tukianzia kwenye mstari wa mikoba.